Nimeficha visu vyote, sasa nataka mwanangu apelekwe mbali nami

Shangazi, shikamoo.

Naomba usitaje jina langu. Nina miaka 27, naishi Moshi, Pasua. Nina mtoto mmoja wa kiume, ana wiki kumi na moja. Baba yake ni dereva wa watalii, kituo chake cha kazi ni Arusha. Anakuja nyumbani siku mbili tatu halafu anaondoka tena na wageni. Mama mkwe alishuka kutoka Kibosho wiki ileile niliyojifungua, na amenilea uzazi kama mtoto wake wa kumzaa: mtori asubuhi, maziwa mchana, maji ya moto jioni. Sina la kumlalamikia.

Ninachokuandikia sijawahi kumwambia mtu. Mtoto alipokuwa na wiki tatu, mama alikwenda ibada ya Jumapili, nikasema leo acha nimpikie mimi. Nikakaa jikoni namenya ndizi mshale, mikono nimeipaka mafuta ili utomvu usinishike, mtoto amelala kwenye mkeka hatua mbili kutoka nilipo. Ghafla likanijia wazo: kisu hiki unaweza kumchoma nacho. Sikusikia sauti, Shangazi, wala hakuna aliyeniambia. Lilikuwa wazo langu mwenyewe, na picha yake nikaiona. Kisu kikaniponyoka. Nikatoka nje nikasimama karibu na bomba natetemeka, hadi mtoto akaanza kulia, na hata alipolia niliogopa kuingia ndani.

Tangu siku hiyo sijapumzika. Nikimwogesha naona namzamisha kwenye beseni. Nikisimama naye barazani naona namwachia. Nimeacha kumwogesha, namdanganya mama kwamba mgongo unaniuma. Visu vyote nimevifunga kwenye khanga nikavitia ndani ya gunia la mkaa. Mama akitaka kumenya ndizi anazunguka jikoni anasema, "Hivi visu vya nyumba hii vina miguu?" Nacheka naye, halafu naingia chumbani nalia.

Usiku naweka mkono kifuani kwa mtoto kuona kama anapumua, nalala, naamka, naweka tena. Nasali Baba Yetu mara saba, na lile wazo likiingia katikati inabidi nianze moja. Kuna usiku nimeanza upya hadi jogoo akawika. Kwenye simu natafuta habari za akina mama walioua watoto wao, nione kama walianza kama mimi. Dada yangu yuko Dodoma, nampigia kila siku namuuliza, "Hivi wewe unanionaje, mimi nina roho mbaya?" Anasema hapana. Natulia kama saa moja, halafu nataka kumpigia tena.

Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniona nimekonda, akasema kuna roho inamwinda mtoto. Nimeombewa mara mbili, nafuu ikawa ya siku ileile tu. Duka moja la dawa walinipa vidonge vya usingizi. Sikumeza hata kimoja: nikilala fofofo, si ndiyo nitaamka nimeshafanya?

Kinachonimaliza ni kwamba Biblia inasema mtu anaweza kutenda dhambi moyoni kabla mkono haujagusa kitu. Na wazee wanasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Basi kama ninaliwaza, si lipo?

Sasa mama anarudi Kibosho mwisho wa mwezi, migomba na ng'ombe vinamngoja. Nitabaki peke yangu na mtoto. Nimemwomba aondoke naye, amefurahi sana. Mume wangu amekubali kwa sababu nimemwambia nataka kurudi kwenye mitumba yangu pale Memorial. Ni uongo mtupu. Nikiwaza siku watakayopanda gari, maziwa yananichuruzika hadi blauzi inalowa.

Nimwache aende ili awe salama? Nimwambie mume wangu ukweli, je, akininyang'anya mtoto? Na nikienda hospitali, si watanipeleka Mirembe?

Mzazi, Moshi

Marahaba mwanangu, na hongera ya uzazi. Najua hongera hiyo umeipokea kwa watu wengi huku moyoni ukisema wangejua. Mimi sasa najua, na bado nakupa.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Unauliza kuhusu safari ya Kibosho, kuhusu mumeo na kuhusu hospitali, lakini chini ya yote liko lile swali unalompigia dada yako kila siku: je, mimi ni mtu wa kumdhuru mwanangu? Nitalijibu mara moja, na mbele kidogo utaona kwa nini ni mara moja tu. Katika barua yako simwoni mama anayetaka kumuumiza mtoto. Namwona mama anayemwogopea mtoto hadi ameshindwa kumgusa. Mimi si daktari wako na barua haimpimi mtu, kwa hiyo ningependa neno hili ulisikie pia kwa mtu aliyekaa nawe uso kwa uso. Ila ndivyo ninavyoona.

Unayoyaeleza yanafanana sana na ugonjwa ambao madaktari huuita OCD, kwa herufi za Kiingereza. Una pande mbili. Upande mmoja ni mawazo au picha zinazojipenyeza kichwani bila kuitwa, tena huchagua kitu kilekile ambacho mtu anakipenda na kukiheshimu kuliko vyote. Mcha Mungu hujiwa na matusi ya kumtukana Mungu. Mama mwenye mtoto mchanga hujiwa na kisu na beseni. Upande wa pili ni yale mtu anayojilazimisha kufanya ili atulie: kuhesabu, kukagua, kuuliza, kusali kwa idadi, kuficha vitu. Huwapata kama mtu mmoja au wawili katika kila mia, na miezi ya kwanza baada ya kujifungua ni moja ya nyakati unapopenda kuanza au kuzidi.

Lugha yetu imelijua jambo hili zamani. Neno wasiwasi tumelipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni mnong'ono. Waulize majirani zako Waislamu, watakusimulia habari za mtu wa wasiwasi, anayerudia udhu mara tano, mara kumi, kila akimaliza anahisi kuna mahali maji hayakufika. Na kwa kuwa umetaja jumuiya, nikukumbushe Martin Luther alipokuwa mtawa kijana. Alikuwa akikaa saa nyingi kwenye kitubio, akitoka anakumbuka jingine anarudi, hadi Staupitz aliyekuwa akimwungamisha akachoka naye. Sisemi Luther alikuwa na ugonjwa huu. Nasema hofu ya aina hii si ngeni ndani ya nyumba ya Mungu, na aliyekuwa nayo hakuwa mtu asiye na imani.

Unadhani ni wewe peke yako. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Kanada, Nichole Fairbrother na Sheila Woody, walichapisha matokeo ya kuwauliza akina mama waliojifungua karibuni, wanawake wa kawaida tu, kuhusu mawazo ya namna hii. Karibu wote walikuwa wamejiwa na mawazo ya mtoto kupatwa na ajali. Na karibu nusu walikiri kwamba lilishawapitia wazo la kumuumiza mtoto kwa makusudi. Karibu nusu, mwanangu. Kwa hiyo ukikaa kliniki kwenye lile benchi, kila mtu na kadi yake ya mtoto mkononi, huenda hauko peke yako kama unavyodhani. Tofauti ni kwamba mwenzako likimpitia husema "mh, wazo gani hili", akaendelea kumenya ndizi zake. Wewe uliangusha kisu ukakimbia. Sikulaumu, ningekimbia pia. Lakini akili ilikuona unakimbia, ikaandika: hapa pana hatari. Kuanzia hapo imekuwa ikikuletea wazo hilo kila mara, kama mlinzi aliyeambiwa mwizi atarudi, sasa kila jani likianguka anapuliza filimbi.

Kuhusu Biblia na methali, niruhusu nikupinge kidogo. Mstari unaoufikiria ni Mathayo 5:28, na uzito wake wote uko kwenye neno moja, kutamani. Yesu anamsema anayetazama kwa kutamani. Wewe uliliona lile wazo ukatetemeka hadi bombani, je, hapo ulikuwa unatamani? Na methali ya lisemwalo lipo ilitungwa kwa ajili ya maneno ya watu mtaani, pale uvumi unapozidi. Sijapata kusikia ikitumiwa kumhukumu mtu kwa ndoto mbaya.

Sasa nirudi kwenye ile mara moja. Angalia unavyotulia: dada anasema huna roho mbaya, unapata saa moja. Unaombewa, unapata siku moja. Unaficha visu, kisha beseni nalo linaanza kutisha. Kila unachofanya ili kulifukuza wazo kinalipa heshima lisiyostahili, na kesho linarudi likidai zaidi. Ndiyo maana kumtafuta dada kila siku, na zile habari za kwenye simu, naona vinakuchosha kuliko vinavyokusaidia. Simaanishi uache kusali. Sali Baba Yetu mara moja, wazo likiingia katikati liache liingie, umalizie sala yako, ulale. Itakuwa ngumu usiku wa kwanza.

Kabla hatujafika Kibosho kuna jambo lazima niliweke wazi, kwa sababu upo ugonjwa mwingine wa baada ya kujifungua ambao ni wa haraka na ni wa hatari. Ikitokea unasikia sauti zinazokuamuru, au unaamini kweli kwamba mtoto ana pepo au si wako, au umekaa siku kadhaa bila usingizi na huuhitaji, unajisikia una nguvu za ajabu, au lile wazo linaacha kukutisha na linaanza kuonekana ni la haki, au unawaza kujitoa uhai, hapo usisubiri kliniki. Mwambie aliye karibu akupeleke hospitali saa hiyohiyo, mtoto abaki na mtu mwingine. Umeniambia husikii sauti na wazo linakutia hofu na karaha, kwa hiyo sioni dalili hizo katika barua yako. Jambo hili nalo nimelisema mara moja, usianze kujikagua kila saa.

Safari ya Kibosho, basi. Ina mazuri yake: utalala, na mtoto atakuwa kwa bibi anayempenda. Lakini tazama inachogharimu. Mtoto wa wiki kumi na moja ananyonya, na wataalamu wa afya wanasisitiza maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Ukimpeleka, maziwa yatakauka na bibi atahangaika na maziwa ya kopo. Naogopa pia kwamba kumpeleka mtoto Kibosho ni kuficha visu kwa namna nyingine, ila safari hii gunia la mkaa ni kubwa zaidi. Wiki ya kwanza utapumua. Kisha wazo litasema: unaona, hata wewe mwenyewe ulijua hufai kukaa naye. Na siku ya kumrudisha, utamrudisha kwa ujasiri gani? Najiuliza kama hakuna njia ya katikati. Je, mama angeweza kuongeza wiki tatu nne, majirani wakamwangalizia ng'ombe? Au wewe na mtoto mpande naye wote, ukaendelee kulelewa uzazi huko? Huko utakuwa na mtoto kifuani na mtu mzima nyumbani, na hakuna atakayeona ajabu mzazi kwenda kwa mkwewe.

Lakini njia yoyote kati ya hizo inahitaji angalau mtu mmoja ajue ukweli. Unaogopa mumeo atakunyang'anya mtoto. Hofu hiyo siidharau. Mtu akisikia "nawaza kumchoma mtoto" bila maelezo, anaweza kuchanganyikiwa, akapiga simu kwa ndugu kumi kabla ya jioni. Unamjua kuliko mimi. Ni mtu wa kusikiliza hadi mwisho, au wa kukurupuka? Kama ni wa kusikiliza, mwambie siku ambayo hana safari kesho yake, mtoto akiwa amelala, na uanze na ugonjwa kabla ya kisu: "Tangu nijifungue nimeugua wasiwasi mkubwa. Yananijia mawazo ya kutisha kuhusu mtoto, siyataki, yananifanya niogope hata kumwogesha. Nataka twende wote kwa daktari." Kama ni wa kukurupuka, huenda daktari awe wa kwanza kusikia, mumeo umwite baadaye ili aelezwe mbele ya mtaalamu. Na mama mkwe? Mwanamke aliyekulisha mtori wiki kumi na moja pengine ameshaona mengi kuliko unavyodhani. Ila wapo kina mama wa umri wake ambao wakisikia tu "mawazo" watakimbilia kusema ni mapepo, na wewe utarudishwa kwenye maombezi kabla hujamwona daktari. Pima mwenyewe.

Hospitali hamko mbali nayo. Mawenzi ipo mjini hapohapo, na KCMC nayo ipo. Zote zinahudumia wagonjwa wa afya ya akili, na mtu wa hali kama yako kwa kawaida huonwa, akazungumza, akarudi nyumbani kunyonyesha. Mirembe ya Dodoma ni hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, wanaofikishwa kule ni wale ambao hali zao zimehitaji rufaa. Najua unachokiogopa hasa ni kuonwa kwenye lile benchi na mtu wa jumuiya. Anaweza akakuona kweli. Naye itabidi ajieleze alifuata nini pale.

Ukifika, zungumza kwa ukamilifu, maana hapo napo pana hatari yake: mhudumu asiyelijua tatizo hili anaweza kusikia neno kisu akashtuka. Sema mawazo yanakujia bila kuyataka, sema yanakutisha, sema umeficha visu na unasali kwa kuhesabu. Hizo za kuhesabu na kuficha ndizo zitakazomwonyesha njia. Uliza kama kuna mwanasaikolojia. Tiba ya mazungumzo inayosaidia hapa ilianza na Victor Meyer huko London, mwaka 1966 alipoeleza habari za wagonjwa wawili aliowasaidia kukabili walichokiogopa huku wakiacha vile vitendo vyao vya kujituliza. Hufanywa hatua kwa hatua na mtu aliyefunzwa, kwa hiyo usijilazimishe leo kukaa na mtoto na kisu kwa pamoja. Dawa pia zipo, kama fluoksetini na setralini. Setralini hupita kidogo sana kwenye maziwa, na madaktari wengi huipendelea kwa anayenyonyesha. Hazifanyi kazi kwa siku mbili, kwa OCD huchukua hata wiki 8 hadi 12. Usizinunue kwa kukisia. Na vile vidonge vya usingizi nafurahi hukuvimeza, japo sababu uliyoitoa ni ya ule wasiwasi.

Sitakuchagulia. Wewe ndiye utakayeishi na mumeo na mkweo baada ya gazeti hili kufungiwa maandazi. Ila mama bado yupo hadi mwisho wa mwezi, na hizo siku ni zako. Jioni moja, akichota maji ya mtoto, usiseme mgongo unauma. Kaa naye. Yeye amshike, wewe ummwagie maji kwa kiganja, miguuni tu. Wazo litakuja, nakuhakikishia litakuja. Endelea kumwagia.

Barua hii isome leo, ukitaka msomee na baba yake. Kesho usiirudie kulitafuta lile jibu langu la pale juu, halitabadilika. Niandikie mkishaamua, na uniambie siku hiyo mtoto ameogeshwa na nani.

Shangazi